Orodha ya vitabu 40: mwalimu wa Morogoro na kifaa cha kusomea

Tuchukue mwalimu mmoja wa sekondari mjini Morogoro. Mchana anafundisha historia. Jioni anasomea shahada ya uzamili kwa njia ya masafa. Usiku, akishaingia ndani ya chandarua, anasoma riwaya kwenye simu mpaka macho yawashe au chaji imwishie. Mdogo wake yuko Uingereza, anakuja nyumbani Desemba, na ameshauliza: "Kaka, nikubebee kifaa kipi cha kusomea vitabu?" Bajeti ni dola 250, kava humo humo, na ushuru humo humo kama utadaiwa.

Ofisini kila aliyeulizwa amejibu "Kindle", kifaa cha kusomea vitabu cha Amazon. Jina hilo limeshakuwa kama Kolgeti: mtu anaingia dukani kuomba Kolgeti ya aina nyingine. Si ushauri mbaya, ila umetolewa kabla ya swali. Kwa upande wa kioo vifaa hivi vinafanana kuliko watu wanavyodhani. Karibu vyote vinatumia wino wa kielektroniki wa kampuni moja, E Ink, iliyoanzishwa mwaka 1997 kutokana na utafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, na vingi vya bei ya kati vina nukta 300 kwa inchi. Vinaachana kwenye vitabu vinavyokubali kuingia na njia ya kuviingiza. Ndiyo maana hapa tunaanza na vitabu vya mwalimu, kifaa kitafuata.

Aliyoyasoma, si anayotamani kuyasoma

Anachukua karatasi, anaandika kila alichokisoma miezi 12 iliyopita. Kwa kila kimoja anaweka mambo manne: ni faili ya aina gani, ilitoka wapi, alikisomea wapi, na kilimla saa ngapi. Hapa watu hujidanganya, maana mkono hupenda kuandika vitabu vya heshima ambavyo havijawahi kufunguliwa. Dawa yake ni kufungua folda ya faili zilizopakuliwa kwenye simu na laptopu, pamoja na historia ya manunuzi ya kadi. Hizo hazina aibu.

Orodha inatoka na vitu 40. Ishirini na mbili ni PDF: makala 14 za majarida ya kitaaluma, vivuli 5 vya notisi vilivyopigwa skani, na ripoti 3 ndefu. Kumi na moja ni riwaya za Kiingereza: 9 amezinunua Amazon na kuzisoma kwenye programu ya Kindle ya simu, 2 ni za bure kutoka Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Saba ni vitabu vya Kiswahili: 6 vya karatasi, kimoja faili.

Ukiishia hapo jibu linaonekana wazi. PDF ni zaidi ya nusu, basi anunue kifaa kikubwa cha inchi 10.3. Wengi hukwama kwenye hesabu hii, wakanunua kitu kizito ambacho baada ya miezi miwili kinalala kabatini.

Ile safu ya nne ndiyo inayogeuza mambo. Makala moja ya kurasa 20 inamla saa moja, tena anaisomea mezani, laptopu iko wazi, ananukuu huku anaandika. Hata akipewa kifaa kizuri kiasi gani, kazi hiyo haihami mezani. Riwaya moja inamla saa nane hadi kumi, zote kitandani. Kwa majina PDF zinashinda. Kwa saa za usiku, ambazo ndizo zinazomuuma macho, riwaya na ripoti tatu ndizo zenye uzito. Vile vivuli 5 alivisoma mara moja tu kabla ya mtihani.

Kufuli

Swali linalofuata ni zile riwaya 9 za Amazon. Kitabu kilichonunuliwa huko mara nyingi huja na kufuli la kidijitali, na tangu tarehe 26 Februari 2025 Amazon imeondoa njia ya kupakua faili ya kitabu kwenye kompyuta ili uihamishe kwa waya. Kitabu chenye kufuli kinakwenda kwenye kifaa cha Kindle au programu ya Kindle, basi. Anayemiliki vitabu 9 huko anahisi tayari ameshafungwa kamba.

Lakini tumuulize: kati ya hivyo 9, kipi atakirudia? Anasema kimoja. Nane vimeshasomwa vikaisha, na vikibaki kwenye simu havimdai kitu. Kitabu kilichokwisha kusomwa kisipewe kura kwenye uchaguzi wa kifaa. Angekuwa mwanasheria au mhubiri mwenye vitabu 60 vya rejea anavyovifungua kila wiki, tungeongea mengine.

Kura wanazo vitabu vijavyo. Anaandika majina matano anayotaka kununua kweli, kisha anavitafuta kwenye duka la Amazon na la Kobo, mshindani wake anayeuza vitabu na vifaa vya kusomea, kwa akaunti yake mwenyewe, nchi ikiwa Tanzania. Hii si hatua ya kuruka. Haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa nchi, kwa hiyo kitabu anachokiona mdogo wake akiwa Uingereza chaweza kisionekane Morogoro. Maduka yote mawili yana programu ya simu, kwa hiyo hakuna haja ya kuwa na kifaa ili kulijaribu duka: nunua kitabu kimoja cha bei ya chini kila upande, uone kama kadi inapita, uone kama kinafunguka. Kadi za mtandaoni za huduma za pesa za simu wakati mwingine hukataliwa kwa sababu salio halikuacha nafasi ya kodi au tofauti ya kubadilisha fedha. Ongeza kidogo juu ya bei iliyoandikwa. Ni jaribio la dola tatu au nne linalolinda dola 250.

Tuseme kwa mwalimu wetu matano yote yapo Amazon, manne yapo Kobo, bei zinakaribiana, na kadi inapita kote. Duka halijaamua. Tunatazama basi vile visivyotoka kwenye duka lolote kati ya hayo mawili: faili ya mchapishaji wa Kiswahili, vitabu vya Gutenberg, hadithi za watoto za bure za tovuti ya African Storybook anazowasomea wanawe. Hizo huja kama PDF au EPUB, aina ya faili ya kitabu ambayo maandishi yake hujipanga upya kufuata kioo. Vifaa vya Kobo na vya PocketBook, kampuni nyingine ya vifaa hivi, hufungua EPUB moja kwa moja: chomeka waya wa USB, buruta faili, chomoa, soma. Kindle haifungui EPUB iliyowekwa kwa waya. Inabidi upitie huduma ya kutuma faili kwa intaneti, ambayo inaikubali EPUB na kuigeuza, au uigeuze mwenyewe kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Kwa mwenye Wi-Fi ya nyumbani huo ni usumbufu wa dakika mbili. Kwa anayeishi kwa bando la simu na laptopu isiyo na intaneti usiku, waya una thamani yake.

Kuna na kufuli la aina ya pili, la Adobe, linalotumiwa na maduka kadhaa ya EPUB. Hilo linafunguka kwenye Kobo na PocketBook kupitia programu ya Adobe Digital Editions. Kwenye Kindle halifunguki. Kosa la wageni ni hili: dukani wanapakua faili ndogo yenye mwisho wa .acsm, wanaiburuta kwenye kifaa, kisha wanalalamika kitabu hakionekani. Ile ni tiketi tu, kitabu chenyewe bado. Ifungue kwanza kwa Digital Editions kwenye kompyuta, kwa kitambulisho kile kile cha Adobe utakachokisajili kwenye kifaa, ndipo kitabu chenyewe kinashuka na kuhamishwa.

Wala asidhani kuna upande usio na hatari. Microsoft ilifunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vya wateja vikaacha kufunguka Julai mwaka ule, ingawa fedha zilirudishwa. Chenye kufuli umekikodi, hata kitufe kikiandikwa "nunua". Faili isiyo na kufuli ihifadhiwe mahali pawili.

Inchi ngapi?

Ukubwa wa kioo upimwe kwa rula. Kioo cha inchi 6 kina upana wa takriban milimita 91 na urefu 122. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ukiubana wote ndani ya kioo hicho, herufi za pointi 12 zinashuka mpaka pointi 5, maandishi ya chini ya chupa ya dawa. Kioo cha inchi 10.3, chenye upana wa milimita 157, kinazishusha hadi pointi 9 tu, na hizo zinasomeka vizuri. Kwa hiyo sifa ya vile vikubwa si uongo.

Ila kuna njia ya katikati. Kata pambizo: A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 kila upande ina maandishi ya upana wa milimita 160. Laza kifaa cha inchi 6 kwa ubavu, upana unakuwa milimita 122, na herufi zinatoka pointi 9, sawasawa na inchi 10.3. Gharama yake ni kwamba kila ukurasa unausoma kwa vipande viwili na kidogo. Kwa ripoti tatu kwa mwaka inavumilika. Kwa makala kumi kwa wiki utakitupa kifaa ukutani.

Na cha kushangaza, makala za safu mbili, zinazoogopwa kuliko zote, si mbaya hivyo kwenye kioo kidogo. Safu moja huwa na upana wa milimita 85 hivi, yaani inaenea kwenye kioo cha inchi 6 bila kupungua. Programu ya bure ya KOReader inajua kuruka kutoka safu hadi safu. Kinachoharibika ni majedwali na tanbihi.

Kwa skani hakuna ujanja. Jaribio ni rahisi: kwenye laptopu, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichaguka, hayo ni maandishi. Likikataa, umeshika picha ya ukurasa, na kuongeza ukubwa wa herufi hakutafanya kitu. Programu ya Tesseract husoma picha kuwa maandishi na ina data ya Kiswahili, lakini kivuli kilichopigwa kwa simu kikiwa kimepinda, na kivuli cha kidole pembeni, kitatoa uji. Zile 5 zibaki kwenye laptopu.

Waliobaki mezani

Kwa bei za kuzinduliwa huko Marekani: Kindle ya kawaida ya 2024 ilikuwa dola 109.99 ikiwa na matangazo kwenye kioo kilichofungwa, Paperwhite ya inchi 7 dola 159.99, Kobo Clara BW ya inchi 6 dola 129.99, Kobo Libra Colour ya inchi 7 dola 219.99. Boox Go 10.3, yenye Android na uwezo wa kuweka programu za maduka yote, ilianza dola 379.99, kwa hiyo bajeti imeshaikataa kabla yetu.

Kindle ya kawaida inaanguka kwa mambo mawili. Haina mwanga wa rangi ya joto (wa manjano), na haina kinga ya maji. Msomaji wa usiku ndani ya chandarua atausikia upungufu wa kwanza kila siku. Wa pili atausikia mara moja tu, masika, mkoba ukilowa kwenye bodaboda. Paperwhite inavyo vyote viwili.

Libra Colour ina vitufe vya kufungulia kurasa, raha kubwa kwa anayesoma amelala ubavu. Lakini rangi ya wino wa kielektroniki ina gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Kichujio cha rangi kinakaa juu ya kioo kizima, hivyo karatasi inaonekana ya kijivu zaidi, taa inawashwa zaidi, na picha ya rangi inatoka nukta 150 badala ya 300. Kwa msomaji wa katuni na vitabu vya watoto, sawa. Kwa riwaya ni kulipia giza.

Betri nayo isomwe kwa akili. Kindle ya kawaida inatangazwa kwa wiki sita, lakini hesabu hiyo ni ya nusu saa kwa siku, intaneti ikiwa imezimwa na mwanga ukiwa kiwango cha 13. Siku 42 mara nusu saa ni saa 21. Mwalimu akisoma saa moja na nusu kila usiku, ni wiki mbili. Bado ni nzuri mno ukilinganisha na simu, na umeme ukikatika siku mbili hatajua kama ni habari. Azime Wi-Fi tu. Ndiyo inayokula chaji kimyakimya.

Wanabaki Paperwhite na Clara BW. Hapa hakuna aibu kuchagua yoyote. Tunampa Clara BW kwa sababu tatu: EPUB kwa waya, kufuli la Adobe, na ukweli kwamba Kobo wameshirikiana na iFixit, kampuni ya miongozo na vipuri vya kujitengenezea vifaa, kutoa miongozo na vipuri vya kifaa hicho. Hiyo ya mwisho ina uzito zaidi Morogoro kuliko London. Dhamana ya kiwanda haivuki bahari kirahisi, na betri ikichoka baada ya miaka kadhaa, fundi mwenye mkono mtulivu ataibadilisha kama kipuri kipo. Kwa hasara ya inchi moja ya kioo, na kwa bei hizo za kuzinduliwa, anaokoa dola 30, ambazo zinakwenda kwenye kava. Kava si pambo. Kinachoua vifaa hivi ni kioo kupasuka ndani ya begi chini ya rundo la madaftari, na kioo kipya hukaribia bei ya kifaa kizima.

Angekuwa mdogo wake ndiye anayenunua kwa matumizi yake huko Uingereza, kungekuwa na hoja nyingine nzito. Vitabu vya maktaba za umma kupitia OverDrive, ambayo wengi huifahamu kwa jina la programu yake Libby, huazimwa moja kwa moja ndani ya Kobo. Kindle hupata huduma hiyo kwa maktaba za Marekani tu.

Kabla ya kupanda ndege

Mdogo mtu asikinunue siku moja kabla ya safari. Akinunue wiki tatu mapema, akiwashe, akichaji kikamilifu, afungue ukurasa mweupe gizani atafute madoa ya mwanga na mistari isiyofutika. Kikiwa na kasoro anakirudisha dukani palepale. Kisajiliwe kwa akaunti ya mwalimu, si ya mdogo wake, la sivyo manunuzi yatafuata nchi na kadi ya mtu mwingine. Safarini kikae begi la mkononi, kwa sababu ya betri ya lithiamu. Risiti iwe mfukoni kwa ajili ya forodha.

Kama angeamua kununua kilichokwisha kutumika, tahadhari kubwa ingekuwa Kindle iliyoripotiwa kuibwa. Inawaka vizuri, inafungua ukurasa, ila inakataa kusajiliwa. Muuzaji akifute kwenye akaunti yake mbele yako, nawe ukisajili palepale kwa intaneti ya simu, ndipo hela itoke.

Kitakachomsumbua baadaye

Kile kitabu kimoja cha Kiswahili ni PDF. Akikigeuza kuwa EPUB kwa Calibre, atakuta jina la sura limejirudia katikati ya aya kila baada ya kurasa chache, na maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari yamebaki na vistari: "wana-funzi", "maen-deleo". Calibre ina sehemu ya kutafuta na kubadilisha wakati wa kugeuza; kichwa cha ukurasa kinafutwa hapo. Bora zaidi ni kumwandikia mchapishaji na kumuuliza kama ana EPUB.

Tatizo la pili halitajwi na wanaopima vifaa hivi, maana hawasomi Kiswahili. Faili nyingi za Kiswahili zimeandikwa ndani yake kwamba lugha ni Kiingereza. Kifaa kinatii, kinakata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na neno "mchanganyiko" linaweza kutoka "mchan-ganyiko". Kwenye Calibre, fungua taarifa za kitabu, badilisha lugha iwe Kiswahili, kisha ukitume upya. Na kwa kuwa maneno yetu ni marefu na kioo ni chembamba, kunyoosha maandishi pande zote mbili huacha mapengo ya kupita ng'ombe. Chagua kunyoosha kushoto tu.

La tatu ni kamusi. Kifaa kinakuja na kamusi za Kiingereza, Kifaransa na nyinginezo. Ya Kiswahili haimo. KOReader inakubali kamusi za muundo wa StarDict, na ukiipata ya Kiswahili utaiweka. Lakini gusa "alipompelekea" uone: haipati kitu, kwa sababu kamusi imeweka "peleka" na kifaa hakijui kuvua viambishi. Itabidi aandike mzizi mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi moja moja, kwenye kibodi inayochelewa. Kwa riwaya za Kiingereza kamusi ya ndani itamtosha. Kwa Kiswahili, ile ya karatasi ibaki pale pale karibu na kitanda.